Bibi Sahau Achomoa Waya

Ofisini walimwita Bibi Sahau, naye akaitika. Miwani aliisahau chooni, funguo mlangoni, chai mezani mpaka ikaota utando. Miaka ishirini na mbili aliutunza mtandao wa chuo cha ufundi, na kila alipomaliza kupanga ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, aliizima makusudi, akaiwasha, akaisubiri mikono kiunoni.

"Nataka nione imeshika nini," alisema.

Mkuu mpya wa kitengo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Jumatatu alikuja na fomu ikichungulia mfukoni, ya kumstaafisha mapema. Bibi Sahau alibakiza miaka mitatu, na aliitaka yote.

"Shemeji, umechoka. Ruta ya chumba cha mtihani leo naipanga mwenyewe."

"Panga, bwana mdogo. Mimi natafuta miwani."

Asubuhi nzima shemeji alibonyeza. Kompyuta arobaini zikapata mtandao.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kabisa kabisa?"

"Shemeji, mimi si wewe!"

Bibi Sahau akachomoa waya wa umeme wa ruta.

"Unafanya nini, mama wee!"

"Tulia." Akauchomeka tena, taa zikapepesa. "Hiyo ni ROM, kumbukumbu yake ya kudumu, inaiamsha. Haisahau kitu, kama mtoto anavyozaliwa anajua kunyonya. Sasa kumbukumbu ya flashi inaipa mfumo wake wa kuiendesha. Halafu NVRAM inaikumbusha mipangilio iliyohifadhiwa."

"Na yangu ya leo?"

"Ilikuwa kwenye RAM. Huyo hodari wa kazi, lakini umeme ukikatika hamjui hata aliyemzaa. Hukuhifadhi, mume wangu mdogo."

Kompyuta arobaini zikabaki zimeduwaa. Mtihani ulikuwa kesho yake, na umeme wa chuo ulikatika upendavyo.

Shemeji akakunja mikono ya shati, akaanza upya. Safari hii alihifadhi, kisha akachomoa waya mwenyewe, macho kayafumba. Ruta ikaamka na kukumbuka yote.

"Haya," Bibi Sahau akasema, "na hiyo fomu mfukoni? Penye sababu umeandika nini?"

"Usahaulifu," akajibu kama mtu aliyebanwa na kiatu.

"Wa nani?"

Shemeji aliikunja fomu mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Bibi Sahau akainama kwa kicheko, na huko chini akaiona miwani yake.