Kirtani ya Shegulabai na Nadhiri ya Mwenyekiti

Shegulabai Wakrulkar alizaliwa nyumba ya tatu kutoka sinagogi yetu, na kwa miaka sitini na mitatu hakuhamia hata ya nne. Baba yake alikamua mafuta ya ufuta kwa kinu cha ng'ombe, kazi ya wengi wetu Wayahudi wa pwani hii ya Konkani, India. Sabato mtu alipumzika, na ng'ombe alipumzika. Majirani wakatupa jina la Wenye Mafuta wa Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku waliyokuja na vyombo wakarudi navyo vitupu.

Baba huyo alikuwa na kazi ya pili, ya kuimba kirtani: habari za Torati na manabii, nusu kwa maneno, nusu kwa wimbo, kwa Kimarathi chetu, na matoazi yakijibu. Alipokufa aliacha daftari lenye nyimbo arobaini na moja. Wanawe wa kiume hawakulitaka, akalichukua Shegulabai. Siku ya kwanza aliposimama kuimba, wanaume watano walitoka nje. Wote watano walisikilizia dirishani.

Kila Jumapili, kwa miaka ishirini na miwili, alifundisha watoto katika ukumbi wa jumuiya nyuma ya sinagogi. Kufika mwaka 1978 walikuwa wamebaki kumi na saba, maana kila msimu tulikuwa tukisindikiza familia zinazohamia Israeli. Jambo hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

"Huko watakuta Kiebrania cha kuwatosha," aliniambia. "Wimbo wa babu yao watauokota wapi? Wasipoondoka nao vichwani, basi nitazikwa nao mimi."

Mwezi wa Julai alikuja kutoka Bombay mwalimu Elkana, kijana mpole, Kiebrania chake safi. Alikaa kwenye somo moja la Shegulabai, kisha akamuuliza, "Mama, haya yameandikwa wapi?"

"Kwenye daftari la baba."

"Nauliza kwenye vitabu vyetu."

"Na mimi nimekujibu, mwanangu. Daftari."

Jumanne ya tarehe 8 Agosti kamati yetu ya watu saba ilikutana. Mwenyekiti alikuwa Hanok Rohekar, karani mstaafu wa reli, mtu wa shati lililopigwa pasi hata kwenye mvua. Tuliamua mambo mawili, na mimi katibu nikayaandika: kirtani iondolewe katika sherehe za jumuiya, kwa kuwa inafanana mno na nyimbo za hekalu la majirani Wahindu, na somo la Jumapili apewe mwalimu Elkana. Nilipoinua macho, Shegulabai alikuwa mlangoni.

"Dada Shegula, huu ni mkutano," alisema Hanok.

"Naona. Baba yangu alikufundisha kupiga matoazi ukiwa hujui hata kufunga vifungo. Leo yamekuwa ya hekaluni?"

"Mambo yamebadilika, Dada. Watoto wanahama. Wakifika kule wakaanza Kimarathi, watachekwa."

"Basi wachekwe wakiimba. Wewe unataka wachekwe wakiwa wamenyamaza."

Jumapili iliyofuata alikuta kitasa cha ukumbi kimebadilishwa. Akaketi kwenye ngazi, akafungua mwavuli wake mweusi, akafundisha pale pale kwenye mvua. Watoto kumi na wanne walikaa naye nje, watatu walikuwa ndani kwa mwalimu. Hanok akanituma nikamwambie aondoke.

"Mwambie ufunguo wa ukumbi anao," alinijibu. "Ngazi haina kitasa."

Akawageukia watoto. "Tena! Kwa sauti. Walio ndani hawajasikia."

Ikawa hivyo Jumapili nne. Wawili kati ya wale watatu walihamia ngazini. Shegulabai alipata kikohozi, nami nikamshauri apumzike. Aliniuliza kama nimetumwa tena.

Wiki hiyo Simha, binti wa Hanok, alijifungua hospitalini baada ya siku tatu ambazo madaktari hawakuahidi kitu. Mama na mtoto walitoka salama. Alhamisi nilikuwa kwa Shegulabai nikimnakilia wimbo, maana macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, akaingia Mazal, mke wa mwenyekiti, na upindo wa sari uliolowa mvua kichwani.

"Dada, tunatoa malida," alisema.

Kwetu mtu akiwa taabani humwekea nadhiri Nabii Eliya. Akijibiwa, huandaa sahani kubwa ya malida: mchele wa pepeta uliopondwa bapa, sukari, nazi iliyokunwa, iliki, na matunda ya aina tano juu yake, kisha huwaita watu waombe, wale. Nadhiri hutimizwa kama ilivyotamkwa. Haipunguzwi neno.

"Hongera, bibi wa mjukuu," alisema Shegulabai. "Uliweka nadhiri gani?"

Mazal akatazama sakafu. "Si mimi. Ni yeye. Alisimama kwenye korido ya hospitali, wauguzi wanapita, akasema kwa sauti: Simha akipona nitatoa malida, na Dada Shegula ataimba kirtani ya mjane na chupa ya mafuta."

Kalamu yangu ilisimama.

"Njoo nyumbani Jumapili," Mazal aliendelea. "Tutafunga madirisha kidogo tu. Unajua tena, mwalimu..."

"Alimwita Eliya mbele ya hospitali nzima, leo anataka kumlipa chini ya mto wa kulalia? Mwambie mwenye nadhiri aje mwenyewe."

Hanok alikuja alasiri. Hakuketi.

"Utaimba au huimbi, Dada?"

"Naimba. Ukumbini, milango wazi, watoto wangu mbele. Na Jumapili zote baada ya hapo."

"Kamati imeshaamua."

"Kamati haikuwepo kwenye korido."

"Na nikikataa?"

"Mtafute mwingine anayeijua. Uliniweka mimi mdomoni mwako, Hanok. Sikukutuma."

Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya daftari, akatoka bila kuaga. Shegulabai aliutia ufunguo katikati ya daftari. "Ningeimba hata jikoni kwao," aliniambia taratibu. "Simha amepona. Usimwambie."

Jumapili ukumbi ulijaa. Mwalimu Elkana alikaa nyuma, mikono kifuani. Shegulabai alisimulia habari za mjane aliyebakiwa na mafuta ya mlo mmoja, na nabii akamwambia ampikie yeye kwanza. "Angekuwa na kamati, angeiuliza!" alisema, na watu wakaangua kicheko. Kisha akaimba, "Mimina, mama, mimina, chupa bado ni nzito," na watoto kumi na saba wakamjibu.

Ilipofika zamu ya matoazi kujibu, alikatiza wimbo, akamnyooshea Hanok. Hanok aliyachukua. Alikosea mara mbili. Ya tatu akapatia, na mjukuu wake akalia kwa kishindo hicho.

Tulipokuwa tukila malida, Elkana alimfuata. "Mama, bado sijaiona katika kitabu chochote."

"Kalamu unayo? Keti uandike."

Akaketi.

Siku ya pili nilimpelekea Shegulabai kitabu cha mikutano, nikamwonyesha ukurasa wa tarehe 8 Agosti. Nilidhani nitamfurahisha: nilitaka kuukata kwa mstari.

"Usiuguse," alisema. "Acha wasome mlichotaka kufanya. Halafu chini yake andika kilichofanyika."

Niliandika: Jumapili tarehe 10 Septemba kirtani iliimbwa ukumbini. Milango ilikuwa wazi.

Akanitaka nimsomee mara mbili, kisha akasema niongeze idadi ya watoto.