Handbreki iligoma kuachia katikati ya lango, lori la maji likiwa nyuma yangu

Wakuu, salamu kwenu. Humu mimi huwa msomaji tu, lakini hili limenipata mwenyewe na huenda likamsaidia mtu. Naandika kama lilivyotokea, sijaongeza chumvi.

Ni Mkenya, nafanya kazi stoo ya hoteli moja hapa Juba, naishi Gudele. Gari langu ni mtumba wa Japani, automatic. Handbreki yake ni ya mguu: unakanyaga pedali ndogo upande wa kushoto inashika, halafu unavuta hendeli chini ya dashibodi inaachia.

Jumamosi asubuhi natoka sokoni. Lango la ploti yetu lina mteremko. Nikasimama katikati yake, nikakanyaga handbreki, nikashuka kusogeza pikipiki iliyokuwa imeziba njia.

Nikarudi, nikavuta hendeli. Ikaja mkononi laini, haina uzito wowote. Pedali ikabaki chini.

Nikavuta tena, hamna kitu. Nikajaribu kuondoka hivyo hivyo, magurudumu ya nyuma yakagoma na harufu ya kuungua ikaanza. Nikazima injini.

Wakati huo huo lori la maji likasimama nyuma yangu.

Kwa wasioijua Juba, mitaa mingi haina bomba, tunaletewa maji kwa lori. Tangi letu lilikuwa limekauka. Jirani yangu Mama Poni, aliyekulia Uganda enzi za ukimbizi na kuokota Kiswahili huko, alikuwa na ubatizo wa mjukuu kesho yake. Nyama imeshafika, masufuria yamejaa uani, na hana maji hata ya kuosha mchele. Mpira wa maji wa lori haufiki kwenye tangi kutoka barabarani. Lazima liingie, na kizibo ni mimi.

Mama Poni akatoka na kitambaa begani.

"Mkenya, gari iko nalala hapa?"

"Breki imeshika, Mama Poni."

"Sasa kesho mimi napika na soda?"

Dereva wa lori akachungulia dirishani. "Yalla, ya zol, ana gi ruwa." Kiarabu cha Juba hicho: haya jamaa, mimi naenda. Ana wateja wengine. Na akishaondoka Jumamosi, kumpata tena ni bahati.

"Wewe ngoja hapo," Mama Poni akamwambia. "Ukienda, kesho usikuje kula."

Dereva akacheka, akazima injini. Nikajua nimepewa muda, ila si mwingi.

Majirani wakaja. Tukasukuma, gari halikutikisika. Mmoja akasema tufungue magurudumu yote mawili ya nyuma. Nilikaribia kukubali.

Kilichonizuia ni ile hendeli. Kama breki zingekuwa zimeganda kule nyuma, pedali ingerudi juu na gari likabaki limeshikwa. Hapa pedali yenyewe haikurudi. Kwa hiyo tatizo lilikuwa mbele, karibu na miguu yangu.

Kabla ya kugusa chochote niliweka gia kwenye P na kuomba mawe ya kuzuia magurudumu. Mama Poni akaleta mafiga yake mwenyewe. "Hii nataka irudi. Hii ndio jiko."

Nikalala chali, kichwa chini ya dashibodi, tochi ya simu mdomoni. Waya unaotoka kwenye hendeli ulikuwa umechomoka. Kipini cha plastiki kinachoushikilia kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo hendeli ilikuwa inavuta hewa. Kile kichuma kinachong'ata meno ya pedali kilikuwa kizima, ila hakuna kitu cha kukivuta.

Nikakandamiza pedali kwa kiganja ili kulegeza meno, nikavuta kichuma kwa koleo. Pedali ikaruka juu na kunigonga kidevu. Mkijaribu, wekeni uso mbali.

Gari likayumba kidogo, likatulia kwenye mafiga.

"Imekufa ama imepona?" Mama Poni akauliza.

"Imepona."

"Basi toa."

Nikatoa. Lori likaingia.

Chanzo nilikielewa nilipotazama kile kipini vizuri. Msimu wa mvua sakafu ya gari hapa huwa tope tupu, kwa hiyo hakuna anayeweka kitu chini. Mimi mfuko wa sokoni nilikuwa nautundika kwenye hendeli ya handbreki. Msimu mzima, vitunguu na sukari vikibembea kila shimo la Gudele. Si gari lililokuwa na kasoro.

Mchana nilienda kwenye maduka ya spea ya Hai Jalaba kutafuta kipini. Kuna hendeli nzima, kipini peke yake hakuna. Nimerudisha waya mahali pake na kuufunga kwa waya mwembamba wa chuma. Nimejaribu mteremkoni mara kadhaa, inashika na kuachia. Hata hivyo nahesabu kuwa ni ya muda.

Nilichojifunza: hendeli ikiwa nyepesi ghafla, anza kuangalia waya wake kabla hujafungua magurudumu. Na usilale chini ya pedali bila mawe.

Ubatizo ulifanyika, nilikula. Tangu hapo, Mama Poni akisikia lori la maji likipiga honi kona ya mtaa, hutoka kwanza kuangalia gari langu liko wapi. Likiwa karibu na lango haniiti Mkenya tena, ananiita kwa jina langu lote, hadi la baba, nami natoka na funguo mkononi.

Mliowahi kubadilisha hicho kipini, mlikipata wapi, au mlinunua hendeli nzima? Na je, waya wa chuma utanifikisha wapi? Semeni ukweli, sitakasirika.