Sirene ya Mama Sifa

Mwanangu, keti. Ipo siku moja ya miaka ya vita ambayo hainitoki kichwani, na kwa kuwa wewe nawe ni fundi, nataka uijue kabla sijaondoka nayo.

Nilikuwa kijana, fundi wa umeme wa magari hapa Kindu, na kiburi changu kilikuwa kirefu kuliko mimi. Treni haikuja tena, mafuta hayakuwapo, magari yalikaa juu ya matofali na kuku walitaga chini yake. Moja lilikuwa la jirani yetu Mama Sifa. Mumewe alikwenda Kampene kutafuta chakula, njia ikafungwa nyuma yake, habari zikakatika. Mtoto hakuwa naye hata mmoja. Alibaki yeye na lile gari, na gari lilikuwa na sirene ya kutisha wezi.

Sirene ililia karibu kila alasiri. Ikilia, naitwa. Nilipima betri, nikasugua waya, nikafungua kile kiswichi kidogo cha mlangoni kinachoiamsha mlango ukifunguliwa, nikakikuta kizima. Gari lote lilijaa vumbi isipokuwa kitasa cha mlango, ambacho kiling'aa. Na kila nilipofika, chai ya mchaichai ilikuwa imekwisha kuchemka. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi nilitazama waya tu. Nilikunywa nusu kikombe nikaondoka. Vijana mna shughuli nyingi, au sivyo?

Majirani wakaanza kunung'unika kwamba kelele zitawavuta askari. Nikaenda na koleo.

"Mama, hii sirene iko na mashetani. Naikata, watu wapumue."

Alinitazama kidogo. "Kata, mwana yangu. Lakini utakuwa unakuya?"

"Nitakuya, mama."

Sikwenda. Hakuna kilichoniita tena, nami nikahesabu kwamba gari limepona.

Siku ya nne alikuja Papa Ramazani, mzee wa reli aliyenifundisha kazi. Alikuwa ametoka kwa Mama Sifa. Alimkuta ameanguka kando ya gari, anawaka homa, mlango wa gari uko wazi.

"Ameniambia: nilifungua mulango, haikulia," Papa alisema. "Ulipima batri, ulipima waya. Yeye mwenyewe, ulimuuliza nini?"

"Sikumuuliza kitu, papa."

"Mutu analia, wewe unamukata ulimi. Umemuponyesha?"

Nilikimbia. Nilimkuta hai. Hakunilaumu, alinishika mkono, akamwomba mwanamke aliyekuwa akimuuguza anichemshie chai. Siku hiyo nilikunywa kikombe kizima, mwanangu, nikilia. Jumapili tulimzika.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu huyu amezeeka pamoja nami. Leo amani ipo, pikipiki zinapita mlangoni kutwa, lakini hazisimami. Wanangu wa kuzaa wako Lubumbashi. Mke wangu alitangulia. Jioni nazungumza na redio, nayo hainijibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa nakilalia, na kunguni nawajua mmoja mmoja.

Juma lililopita nilikuita kwa sababu sirene ya gari langu hili kuukuu ilikuwa inalia ovyo. Ulikuta waya wa kiswichi cha mlango umelegea, ukaukaza upesi, ukacheka, "Papa, kazi kidogo tu!" ukaondoka chai ikiwa bado motoni. Ulifanya kazi nzuri, sina neno. Waya huo niliulegeza mimi, kwa bisibisi yangu mwenyewe. Naona aibu kukuambia, lakini nisipokuambia mimi, nani atakuambia?

Basi shika hili. Kitu kikilia kila siku na kosa lake hulioni, usikimbilie kukinyamazisha. Weka koleo chini. Muulize aliyekuita amelalaje, amekula na nani. Tafuta kosa kwenye waya, ndiyo kazi yako, lakini mtazame na mwenye gari. Ukimwambia mtu utakuja, nenda hata kama hakuna kinacholia. Na chai ya mzee, usiiache nusu.

Mungu akupe mikono isiyokosa kazi na mlango usiokosa hodi. Na siku utakapoita wewe, aitike mtu kabla hujaita mara ya pili.

Sogea, mwanangu. Kikombe chako hicho, bado cha moto.