Chupa Saba za Dawa

Mjukuu wa dada yangu huazima simu ya mama yake, na kila Ijumaa nikienda kwao Kiwalani namkuta amelala kifudifudi kwenye mkeka, vidole vinakimbia juu ya kioo, anagombana na watoto wenzake walioko sijui wapi. "Niponye we, niponye, nakufa." Basi. Neno hilo likinifikia, chai inanishinda. Naanza kusikia harufu ya zulia jipya na soksi za watu, na nashikwa na hasira ambayo imeota mvi pamoja nami.

Harufu hiyo ni ya chumba kimoja cha Chang'ombe, Temeke, nyuma ya karakana ya mageti, miaka ile ya tisini ambapo kila aliyepata kompyuta mbili tatu alitundika kibao na kujiita chuo. Hiki kilikuwa na kompyuta nne. Ukiingia ulivua viatu mlangoni, maana tuliambiwa vumbi linaziua, na jioni zilifunikwa vitambaa vya maua kama maharusi. Dada yangu Zuhura, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani, ndiye aliyefua vitambaa hivyo na kufagia chumba. Badala ya malipo, Mwalimu mwenye chuo alimruhusu kuzigusa kompyuta saa ya chakula cha mchana, wanafunzi wakiwa wametoka. Hakumfundisha kitu. Nyumbani Zuhura alichora batani zote kwa kalamu kwenye mfuniko wa boksi la viatu, akawa anajifunza kupiga chapa juu yake, macho ameyaelekeza ukutani.

Kompyuta zile ziliunganishwa kwa waya, na ndani yake kulikuwa na gemu ambalo watu wanne waliweza kuingia katika pambano moja, kila mtu na kompyuta yake. Zuhura alichukua mpiganaji wa upanga. Mie, mwenye miaka kumi na moja, akanipa daktari. Nililia. Daktari hakuwa na silaha. Alikuwa na kanzu nyeupe na chupa kumi za dawa, na kazi yake ilikuwa kukaa nyuma na kumrushia mwenzake asife.

"Sitaki kuwa nesi," nilimwambia.

"Kaa hapo. Usiangalie upanga wangu, angalia damu yangu."

Mwanzoni nilikuwa hovyo. Dada akikwaruzwa tu namwaga chupa, adui wa kweli akitokea sina kitu, dada anakufa na mie nafinywa. Taratibu nikaelewa. Damu ya kila mtu ilikuwa mstari mwekundu juu ya kichwa chake, na dawa haikufanya kazi papo hapo, ilichukua muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Ukingoja mpaka mstari uwe mfupi, umechelewa. Ilibidi umpe mtu dawa yeye mwenyewe akiwa bado anajiona mzima. Mwisho sikuhitaji hata kuutazama mstari. Dada akiogopa alipiga batani kwa nguvu na kwa haraka, kama mvua ya ghafla kwenye bati, nami nilimponya kwa masikio. Sijawahi tena kuwa hodari wa kitu chochote kama nilivyokuwa hodari wa kile.

Ndipo Mwalimu, akitaka chuo chake kijulikane, akatangaza mashindano, wawili kwa wawili. Mkubwa katika jozi itakayoshinda angesoma kozi nzima bure. Baba alikuwa ameshasema kwamba mwezi ukiisha Zuhura aende kiwanda cha nguo, alikopatiwa kazi. Kwa hiyo dada alikuwa na gemu moja tu kati yake na mashine ya kufuma.

Tulifika fainali. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, viatu vimejaa mlangoni, watu wamesimama mpaka ukutani. Tulicheza na kijana mmoja wa Kiwalani, Side, na binamu yake. Side akanitazama.

"Sista, huyu ndo daktari wako? Mbona kama mgonjwa?"

Watu wakacheka. Dada naye akacheka, midomo imemkauka. "Muacheni daktari wangu. Godoro lake tunalianika kila asubuhi, lakini kazini hana mchezo."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Mwalimu alivua miwani akafuta machozi. Leo najua kwamba sentensi ile ilikuwa na sehemu mbili na ya pili ilikuwa sifa. Siku ile nilisikia godoro.

Vita vikaanza. Nilitumia chupa tatu, vizuri kabisa. Dada akamwangusha binamu, akabaki Side. Kisha mvua ikaanza kwenye batani za dada.

"Abdu," akasema.

Kidole changu kilikuwa juu ya batani ya dawa.

"Abdu, niponye."

Hakuna mtu Temeke nzima aliyejua kuliko mie pumzi ya mwisho ni ipi. Niliihesabu, nikaiacha ipite.

"Niponye, mdogo wangu."

Mpiganaji akaanguka. Side akabebwa juu juu. Kwenye kioo yakatokea majina yetu na vitu vilivyosalia, na chini ya jina langu paliandikwa chupa saba. Zuhura aliitazama ile saba kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akawaambia watu, "Kosa langu. Nimekimbilia mbele mno." Akanishika mkono tukatafute viatu. Njia nzima hakunifinya. Nilidhani hakuona, nikafurahi, nikaenda kucheza.

Nina hasira na Mwalimu, aliyefuliwa vitambaa mwaka mzima halafu akaweka masomo ya mtu kwenye gemu. Nina hasira na dada pia. Angenisema palepale ningechapwa, yakaisha. Lakini hizo ni hasira ndogo. Watu wangenipoza kwamba nilikuwa mtoto. Kwenye kiti kile sikuwa mtoto, nilikuwa daktari, na nilijua ninachofanya.

Kiwandani Zuhura alisimama miaka ishirini na zaidi. Kelele za mashine zimemwachia sikio moja.

Ijumaa iliyopita mtoto alipiga tena kelele zake. Dada alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua macho. Akasema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, "Mwambie daktari wako asibanie dawa." Kisha akanisogezea sahani. "Kula kashata, Abdu. Umekonda."

Maneno nilikuwa nayo. Yote, tangu utotoni, hata moja sijalitumia. Naye alikuwa amekaa pale, karibu kabisa, upande wa sikio linalosikia.

Nikachukua kashata.