Betri Inayosikiliza

Mama yangu anauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Busia, na chini kidogo ya mtulinga wake wa kushoto ana kifaa cha kuusaidia moyo kudunda. Daktari wa Kampala alikitaja kwa jina lake la kidaktari, Mama akalisikiliza kwa adabu, kisha akakiita betri. Sisi wote tukafuata. Ngozi imeinuka kidogo pale kilipo, na wateja wake wa siku nyingi humwomba wakiguse. Hukubali, ila baada ya kununua.

Mimi ni fundi wa simu na redio. Kibanda changu kiko upande wa Uganda, karibu na geti la mpaka, na tangu utotoni siwezi kuona kitu kimefungwa nikatulia. Nimefungua pasi, saa za ukutani, na mizani ya jirani ambaye hakuniomba. Kwa hiyo betri ya Mama ilinitesa. Ilikuwa mashine pekee katika familia yetu ambayo nisingeweza kuitia bisibisi, basi nikaanza kusoma habari zake mtandaoni, kidogo kidogo, kati ya mteja na mteja.

Nilichokikuta kilinishangaza. Nilidhani kitu cha kuwekwa mwilini mwa mtu kingekuwa na chipu mpya kuliko zote duniani. Kumbe baadhi ya vifaa hivi hutumia chipu za ukoo wa zamani sana, zilizobuniwa kabla sijazaliwa, wakati kompyuta za kwanza za nyumbani zilipokuwa zinaanza kuuzwa. Chipu za ukoo huohuo zimo pia katika mashine nyingine ambazo haziruhusiwi kukosea. Na mimi ninazo. Katika kopo langu la maziwa ya unga nina moja niliyoitoa kwenye pampu ya petroli iliyotupwa kule Tororo, nyeusi, yenye miguu mingi pembeni kama jongoo. Nimeihifadhi miaka mingi bila kujua kwa nini.

Sababu ya kutumia uzee huo ni rahisi ukishaielewa. Chipu ya simu ina vijisehemu vingi mno, na hakuna mtu mmoja anayeweza kukuambia kila kimoja kinafanya nini. Simu ikiganda unaizima, unaiwasha, maisha yanaendelea. Moyo hauzimwi ukawashwa. Chipu ya zamani ni ndogo kiasi kwamba watu wameshaipitia kona zote, makosa yake yamejulikana, na inakula umeme kidogo sana, hivyo betri hudumu miaka. Kazi yake yenyewe si kubwa. Inasikiliza moyo. Moyo ukipiga wenyewe, inanyamaza. Moyo ukichelewa, inausukuma.

Nilimpelekea Mama ile chipu ya pampu sokoni ili aone ndugu wa mgeni wake. Sikuwa na hakika kwamba yake ni ya ukoo huo, maana waliotengeneza hawasemi yote, lakini nilishindwa kujizuia. Aliigeuzageuza kwa vidole vyenye magamba ya samaki.

"Kwa hivyo walinivalisha mtumba," akasema.

"Hapana, Mama. Yako ni mpya. Mtindo ndio wa zamani. Jembe nalo mtindo wake ni wa zamani, na wewe bado unalima nalo."

"Jembe nikichoka naweka chini," akasema, akanirudishia chipu, akamgeukia mteja.

Miezi michache baadaye matatizo yakaanza. Mama alikuwa akikaa sokoni, ghafla moyo unaanza kwenda mbio na kurukaruka, anashika meza, jasho linamtoka. Baadaye unatulia wenyewe. Tulimpeleka kliniki Tororo, wakamlaza, wakamfunga nyaya, wakatazama karatasi ikitoka na mistari yake, wakasema yuko sawa. Tukampeleka tena. Yuko sawa.

Kaka yangu ni wakala wa forodha Malaba. Kutwa nzima anaamua mambo ya watu waliosimama kwenye foleni, na akija nyumbani hasahau kazi yake. Aliamua kwamba soko ndilo linalomuua Mama. Jumamosi angekuja na pikapu, abebe vitu vyake, ampeleke Lunyo kijijini, akapumzike kwenye nyumba ya marehemu baba. Meza ya sokoni ingeachiwa mtu mwingine. Mama alipoambiwa hakubisha. Aliendelea kuchambua omena, akitupa mawe madogo upande mmoja, na mimi nikaogopa kule kunyamaza kuliko ugonjwa. Mama akikaa bure hudhoofika mbele ya macho yako. Mwaka aliovunjika mguu nilimwona akizeeka kwa wiki chache tu.

Ila kuna jambo halikunikaa sawa. Moyo ulikuwa ukimsumbua sokoni, mara nyingine njiani. Kanisani, kamwe. Kliniki, kamwe. Na tulipokuwa na matanga kule Lunyo, Mama alisonga ugali wa waombolezaji wote, masufuria ambayo mimi siwezi hata kuyasogeza, na hakulalamika. Kama kazi nzito ndiyo ingekuwa shida, ingemwangusha siku ile. Nilimwambia kaka hivyo kwenye simu. Akaniambia nitengeneze redio zangu.

Nilikasirika, na nikiwa na hasira hufanya kazi vibaya. Asubuhi hiyo nilikuwa nafungua simu ya mteja, nikamwaga skrubu zake zote mezani. Nilipokuwa naziokota nikaona baadhi hazipo, nazo ni vitu vidogo kama mbegu za mtama. Nikazikuta zimenasa kwenye kava ya simu ileile, kava ya kufunga kama kitabu, pale pembeni inapojibana. Ndani yake kuna sumaku. Ndiyo inayoiambia simu izime kioo ukiifunika.

Nikabaki nimeishika. Katika yale niliyoyasoma kulikuwa na habari ya sumaku. Vifaa vya moyo hutengenezwa hivyo makusudi: daktari akiweka sumaku juu yake, betri inaacha kusikiliza. Haiulizi tena kama moyo umepiga au haujapiga. Inapiga tu kwa mwendo wake uliopangwa, wa haraka kuliko kawaida, na moyo wenyewe ukiwa nao unapiga, wawili hao wanagongana. Ukiondoa sumaku, inarudi kusikiliza.

Na Mama, kama kila mama muuzaji ninayemjua hapa mpakani, huweka simu ndani ya sidiria, na yake ina kava ya namna hiyohiyo. Upande wa kushoto. Akienda kanisani huitia kwenye mkoba. Kliniki huitoa kabla ya kuvua blauzi. Siku ya matanga ilibaki kibandani kwangu ikichajiwa.

Jumamosi kaka alifika na pikapu. Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya nyumba yake, mabegi miguuni, simu mahali pake. Sikueleza kitu, maana nikieleza kaka husikiliza kwa kutafuta kosa. Nilimpa mkono mmoja wa Mama, mimi nikashika mwingine, nikamwambia atafute mapigo.

"Inakimbia," akasema. "Si nilisema? Na hapa amekaa tu."

"Mama, toa simu."

Mama akanitazama, kisha akaitoa, akaiweka kwenye begi. Chini ya vidole vyangu mapigo yakapungua, yakawa ya kawaida, ya mtu aliyekaa kwenye ndoo asubuhi. Niliona uso wa kaka ukibadilika. Nikaitoa simu kwenye begi, nikaibandika kava yake kwenye funguo za pikapu, ikanasa.

"Nani alimnunulia hii kava?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mimi," akasema. "Ni ya kulinda kioo."

Tulimpigia muuguzi wa Kampala aliyetupa namba yake. Akasema ndiyo, inawezekana kabisa, simu na kava yake zikae mbali na kifua, na tumlete waipime betri, lakini kwa maelezo hayo hakuona sababu ya kumfungia mtu soko. Kaka aliyarudisha mabegi ndani mwenyewe. Hakuomba radhi, ila alifagia uwanja, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Alipoondoka nikabaki na Mama. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikaanza kumweleza upya habari za sumaku na chipu inayoacha kusikiliza. Akaniacha nimalize.

"Mimi nilijua ni simu," akasema.

Nilidhani sikumwelewa.

"Nilijua zamani. Nikiweka, inapiga nguvu. Nikitoa, inanyamaza. Hii kitu ikifanya kazi vizuri mimi sisikii kitu, mwanangu. Sisikii kabisa. Sasa nitajua namna gani kama bado iko? Nikiogopa naweka simu, inanijibu."

"Na ulikuwa unakubali kwenda Lunyo?"

"Nikisema ni simu, mngeninyang'anya."

Nilichukua vidole vyake viwili, nikaviweka kwenye mkono wake mwenyewe, chini ya kidole gumba, nikavisogeza mpaka vikapata mapigo. Nikamwonyesha kwamba hapo anaweza kuiuliza betri saa yoyote, sokoni au kitandani, bila sumaku. Alikaa muda akisikiliza, kichwa kimeinama.

"Iko," akasema. "Lakini inasema polepole."

Kisha akashika mkono wangu, akatafuta palepale nilipomfundisha, akayapata mapigo haraka kuliko nilivyoyapata yake.

"Yako ndiyo inakimbia," akasema. "Na wewe huna betri."

Nikamwambia naogopa tangu siku ile alipowekewa betri Kampala, kila siku, na kwamba kusoma kote kule kulikuwa ni woga. Aliendelea kunishika mkono, akihesabu, mpaka moyo wangu ukatulia.