Reli Iliyotuita Kanisani

Naona kinyaa kila Sabato nikisikia kengele ya kanisa letu hapa Rongo. Si kengele, ni kipaza sauti kinachokwaruza kama mzee mwenye kohozi.

Baba alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya magarimoshi, Kisumu. Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima huimba, lenye ufa hutoa mlio butu. King'ora cha karakana, alituambia, ndicho kilichouamsha mji: akina mama wakabandika chai, watoto wakakimbilia shule. Kisha injini zikapungua, king'ora kikanyamaza, mafundi wakapewa barua za kurudi makwao. Baba alirudi na nyundo yake pamoja na kipande cha reli alichopewa na wenzake. Alikitundika nje ya kanisa, kikawa ndicho kinachotuita ibadani.

Alipolala kitandani, mwili umekwisha lakini masikio mazima, aliniomba neno moja tu.

"Nyathina, mwanangu, siku nikienda, mnigongee ile chuma. Mara tatu, basi."

Nikaitikia. Mwezi haujaisha, kamati ya kanisa ikakaa. Reli ina kutu, wakasema, inatuaibisha mbele ya wageni, na kuna mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Migori. Mimi ndiye katibu. Nilinyamaza kwa kuogopa kuonekana mshamba, nikaandika katika kitabu cha kumbukumbu kwamba wote tumekubali iuzwe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika nguo ya baba, mdudu nilikuwa mimi.

Sabato iliyofuata kipaza sauti kikalia. Baba akainua kichwa.

"Hiyo iko na ufa. Nibebeni niigonge, nijue imepasukia wapi."

"Nje kuna mvua, baba. Ukipona tutaenda."

Alinitazama. Nadhani alikuwa amenisikiliza kama alivyosikiliza magurudumu.

Tulipomzika, wanakamati walikuja na suti zao na kipaza sauti chao. Niliichukua nyundo yake nikagonga ringi kuukuu ya gurudumu la lori tuliyoazima kwa jirani. Mara tatu, mlio butu. Waombolezaji wakanong'ona kwamba kamati imemkosea mzee. Kamati! Kitabu kiko kabatini mwangu hadi leo, na mwandiko ni wangu.