Mkono wa Kola na Taya la Msimamizi

Kazini walimwita Kola, kwa kuwa shati likishapita mikononi mwake, kola yake ilisimama kama imetiwa ubao. Alikuwa mwanamke mpiga pasi kwenye jengo la kufulia mashuka ya hoteli, chumba kirefu chenye joto la kuchemsha ubongo, mashine za mvuke zimepangwa ukutani. Mdomo wake nao haukuwa na breki.

Siku ya tukio, mama mmoja mtu mzima, mkunjaji wa mashuka, alizidiwa na joto akakaa sakafuni. Msimamizi akampiga teke ili ainuke. Kola alikuwa ameingiza mkono kwenye mashine kunyoosha shuka lililojikunja. Bila kugeuka akasema, "Huyo anaweza kukuzaa. Nenda kampige teke aliyekuzaa."

Wenzake wakacheka. Msimamizi alisogea, akakanyaga kanyagio la mashine, na bamba la moto likashuka juu ya mkono wa Kola.

Alilikandamiza kwa uzito wake wote. Kola alisikia mifupa yake ikivunjika kabla hajasikia ukelele wake mwenyewe. Alimpiga msimamizi kwa mkono wa kushoto, usoni, shingoni, popote alipofika. Jamaa hakuondoa mguu mpaka yule mama wa sakafuni alipomng'ata muundi. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye shuka. Hospitali wakakata vidole vitatu.

Mdogo wa Kola alikuwa muuza nyama, mabega yake yamempa jina la Nundu. Alimvizia msimamizi langoni wafanyakazi wakitoka, akampiga kwa mpini wa shoka la kukatia mifupa. Taya likaenda upande. Jamaa alipoanguka, Nundu akamkanyaga mkono na kuusaga kwa kisigino mpaka watu walipomvuta. Ajabu ni kwamba msimamizi hakwenda polisi. Kola alikuja kuelewa sababu alipoketi mbele ya wakili.

Wakili alikuwa mwanamke wa maneno machache, ofisi yake iko juu ya duka la viatu. Hakumpaka mafuta. Alimweleza kwamba kesi ya madai inaweza kuchukua miaka, kwamba kampuni itasema ni uzembe wake mwenyewe, na kwamba mashahidi wote bado wanakula mshahara wa kampuni hiyo hiyo. Akishindwa, anaweza kuamriwa alipe gharama za upande wa pili. Kampuni nayo ilikuwa tayari imeleta ombi: italipa hospitali na kumwongezea pesa kidogo, mradi atie saini kwamba ilikuwa ajali.

"Na kuna hili," wakili akasema. "Lile taya wameliweka akiba. Ukitia saini, mdogo wako yuko salama. Ukifungua kesi, watamshtaki, na atafungwa. Hilo sina namna ya kulizuia."

Nyumbani, mama yao alisikiliza yote, kisha akasema, "Tia saini. Mkono umeshakwenda. Usinipokonye na huyu."

Kola naye alikuwa amefikia hapo hapo njiani. Ila kila alipolijaribu neno ajali, lilikataa kutoka.

Nundu aliinuka, akatoa kisu kwenye mfuko wake wa kazi. Alipoulizwa anakwenda wapi, akajibu kwamba anakwenda kuimaliza hiyo kesi. Kola akasimama mlangoni. Nundu akamsukuma apite, na dada yake akajigonga kwenye fremu ya mlango, akaangukia ule mkono. Nyuzi zikafumuka. Damu ikajaa bendeji, ikaanza kudondoka sakafuni. Mama akanyanyua kigoda, akamshushia Nundu mgongoni mara mbili, mguu wa kigoda ukavunjika.

Kisu kikaanguka. Nundu akapiga magoti, akauinua mkono wa dada yake juu ili damu ipungue. Alikuwa analia.

"Dada, mimi nilimpiga mtu, na nilijua nampiga," akasema. "Sitaki kulindwa na uongo. Fungua kesi."

"Utafungwa."

"Nitafungwa kwa nililolitenda. Yeye je?"

Kola akafungua. Haukupita muda, polisi wakamchukua Nundu buchani, aproni yake bado ina damu ya ng'ombe, wakampiga virungu mbele ya wateja kwa kuchelewa kupanda gari. Alitumikia kifungo chake chote na kutoka bila meno mawili ya mbele.

Kesi ya Kola ilisuasua. Wakili wa kampuni aliiita ajali kila aliposimama, mpaka yule mama mkunjaji, aliyekuwa ameshafukuzwa kazi, alipopanda kizimbani akasimulia yote, kuanzia teke. Hakimu aliandika kwamba haikuwa ajali. Fidia ilitoka pungufu ya ile waliyoomba, na fungu la wakili likatolewa humo humo.

Nje ya mahakama msimamizi aliwapita karibu, taya lake limeunga vibaya. Kola alimwona mdogo wake akikunja ngumi. Akamshika mkanda wa suruali kwa vidole viwili vilivyobaki, akakaza hadi kovu likauma, wala hakumwachia mpaka yule mtu alipokata kona. Mama akawauliza kama wana njaa. Wakaenda kula.